Maswali ya Gereji: Chujio la Uyoga Linaongeza Nguvu Kweli?

Barua nyingi za mwezi huu zinazunguka jambo moja: bomba na chujio la hewa la dukani, lile la koni ambalo vijana wanaliita uyoga, linalofungwa baada ya kung'oa kasha la chujio lililokuja na gari. Tumechagua saba. Mbili hazihusu uyoga moja kwa moja, lakini zinagusa hewa inayoingia kwenye injini, nasi tunaona hapo ndipo magari mengi ya Uganda yanapofia.

Nina Toyota Premio ya 2004, cc 1800, gia otomatiki. Kwenye soko la vipuri la Kisekka nimeonyeshwa seti ya bomba la aluminiamu na chujio la uyoga. Boksi limeandikwa kwamba inaongeza nguvu za farasi 15. Rafiki yangu ameweka na anasema gari limekuwa jepesi. Ninunue? — Msomaji, Ntinda, Kampala

Hapana, ndugu. Kwa gari hilo farasi 15 hawapo. Ukibahatika utapata mmoja, pengine wawili, tena injini ikiwa inakaribia mwisho wa mizunguko yake. Kwenye foleni ya Jinja Road saa nane mchana utapoteza zaidi ya hao.

Tuanze na hewa yenyewe. Injini ya lita 1.8 ya mipigo minne hunyonya ujazo wake mara moja kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inahitaji lita 5,400 za hewa kwa dakika, na hiyo ni kama silinda zinajaa kabisa. Waliochora kasha la Premio waliipiga hesabu hiyo kabla ya kuchagua ukubwa wa chujio. Ndiyo sababu karatasi yake imekunjwakunjwa: ukiikunjua yote inafunika meza ndogo ya sebuleni. Njia haikuwa nyembamba tangu mwanzo.

Isitoshe, ukiendesha kawaida, kinachokaba hewa si chujio bali ni throtoli, kile kilango ambacho wewe mwenyewe unakibana kwa kutokanyaga mafuta mpaka chini. Kulegeza chujio wakati throtoli imefunguka robo tu ni kama kupanua geti la boma huku mlango wa nyumba umerudishwa.

Usituamini sisi wala muuzaji. Pima mwenyewe kabla ya kutoa pesa; kipimo chake ni mpira na maji tu. Nunua mpira mwembamba unaoona ndani, wa milimita 6, urefu wa mita 3, na kiungio cha plastiki cha umbo la T. Upinde mpira uwe kama herufi U, ufunge kwenye ubao wenye urefu wa sentimita 80, uweke rula katikati, kisha ujaze maji yenye rangi kidogo hadi nusu ya urefu wa ubao. Ncha moja iache wazi. Ncha ya pili iunganishe kwa ile T kwenye mpira mwembamba wa kupumulia, unaotoka kwenye kifuniko cha valvu kwenda kwenye bomba la hewa, kati ya chujio na throtoli. Hapa uwe mwangalifu sana: usiunganishe baada ya throtoli. Upande ule mvuto ni mkubwa mno, na maji yote yatamezwa na injini.

Mwenzako akae na ubao, wewe uendeshe. Tafuta mlima usio na magari, weka gia ya pili, kanyaga mafuta mpaka chini hadi injini ifike mizunguko 5,500 au 6,000. Mwenzako asome tofauti ya urefu wa maji kati ya mikono miwili ya U. Kila sentimita 10 ni takriban kilopaskali 1 ya mkabo. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni kama kilopaskali 88, kwa hiyo kila sentimita 10 zinakugharimu kitu kama asilimia 1.1 ya hewa. Tuseme umesoma sentimita 15. Hata ukiondoa kila kitu, chujio, kasha na bomba, injini ikanyonya hewa ya wazi kabisa, utakachorudisha ni asilimia 1.7. Kwa injini inayotoa farasi 110 hapa kwetu, hao ni farasi wawili. Uyoga nao una mkabo wake, kwa hiyo hata hao wawili hutawapata wote.

Ukisoma sentimita 40 au 50, habari ni nyingine: chujio limeziba. Weka jipya la karatasi, pima tena, na bila seti yoyote gari litakuwa jepesi kweli.

Sasa joto. Kasha la kiwandani lina mdomo unaochungulia mbele, karibu na radieta au nyuma ya taa, linavuta hewa ya nje. Uyoga ulio wazi chini ya boneti unavuta hewa iliyokwisha kupikwa na injini. Gari likisimama kwenye foleni, si ajabu sensa ya joto la hewa kusoma nyuzi 60 wakati nje ni 28 au 30. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 60 inapungua uzito kwa asilimia 9. Umetafuta asilimia 1.7, umelipa 9. Gari likishika mwendo joto hushuka, lakini ile nguvu unayoihitaji kuchomoka kwenye mzunguko wa barabara ndiyo iliyokwenda.

Na wepesi anaousikia rafiki yako? Ni sauti. Kasha la asili, pamoja na vile vichemba vya plastiki vilivyobandikwa kwenye bomba, lina kazi ya pili ya kumeza mngurumo wa hewa. Baadhi ya vichemba hivyo pia huisaidia injini kuvuta ikiwa kwenye mizunguko ya chini. Ukiviondoa, gari linanguruma kila ukikanyaga, na sikio linauambia mgongo kwamba tumeongeza kasi. Atafute mlima mmoja, abiria walewale, apime kwa saa ya simu kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, mara tatu kwa uyoga na mara tatu kwa kasha. Achukue wastani. Akipata tofauti inayozidi nusu sekunde kwa faida ya uyoga, akague kwanza kama chujio la zamani halikuwa limeziba.

Mwanangu alifunga chujio la namna hiyo kwenye Toyota Wish yangu. Tangu siku hiyo taa ya injini imewaka, gari linatetemeka likisimama, na mara nyingine linazima nikitoa mguu. Fundi anasema ninunue sensa mpya. Nifanye nini? — Mama wa watoto watatu, Mbarara

Mama, usinunue sensa kwanza. Dalili ulizotaja ni za hewa isiyohesabiwa, na mara nyingi zinaisha bila kununua kitu.

Gari lako lina sensa inayopima hewa, mafundi wanaiita MAF. Ndani yake kuna uzi mwembamba unaopashwa moto. Hewa inayopita inaupoza, na kompyuta inakadiria hewa kwa kuangalia umeme unaohitajika kuurudishia joto lake. Sensa inaonja hewa kidogo tu, iliyobaki inakadiriwa kwa upana wa bomba. Bomba la asili likiwa na milimita 60 na la dukani 76, nafasi ya hewa imeongezeka kwa asilimia 60. Hewa ileile inapita polepole mbele ya sensa, kompyuta inadhani ni kidogo, inapunguza petroli. Injini inabaki na njaa, inatetemeka.

Mwombe fundi asome msimbo kwa mashine kabla ya kugusa chochote. Ukiwa P0171, petroli ni pungufu kwa hewa iliyoingia. P0101 au P0102 inaelekeza kwenye sensa au waya wake. Aangalie pia marekebisho ya mafuta ya muda mrefu: kati ya -5 na +5 kwa mia ni afya, kupita +10 kuna jambo, na ikizidi 20 na kitu magari mengi huwasha taa.

Kisha afuate mpangilio huu. Kwanza ule mpira mwembamba wa kupumulia, maana seti nyingi za bei nafuu hazina tundu lake, na fundi wa haraka huuacha unaning'inia. Halafu klipu za mipira ya silikoni, kwa sababu klipu moja iliyolegea baada ya sensa inatosha kuleta yote uliyoyataja. Tatu, mshale uliochorwa kwenye sensa uelekee injini. Tumeyaona mabomba ambayo kikalio cha sensa kimechomelewa kinyume. Nne, mafuta ya chujio. Kama uyoga huo ni wa kitambaa cha pamba na umepakwa oili, ziada yake imeruka na kuganda kwenye uzi wa sensa.

Kuisafisha sensa: zima gari, subiri ipoe, chomoa plagi yake, fungua skrubu mbili, itoe taratibu. Nunua dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa ya MAF, si ile ya kabureta, ambayo huacha utando na kula plastiki. Puliza mara 10 hadi 15 bila kuugusa uzi. Usitumie kitambaa, pamba ya masikio wala upepo wa kompresa, uzi ule unakatika upesi. Acha ikauke dakika 20, rudisha, futa msimbo.

Baada ya hapo, rudisha kasha la zamani. Mwambie kijana asilitupe kamwe. Kama analipenda sana lile bomba, na atafute lililotengenezwa kwa ajili ya Wish hasa, ambalo sehemu ya sensa ina upana uleule wa asili.

Naendesha taksi ya abiria 14, Hiace ya petroli, Gulu hadi Kampala. Nimeambiwa chujio la uyoga pamoja na feni ya bati inayotumbukizwa ndani ya bomba vitapunguza mafuta. — Dereva, Gulu

Havipunguzi. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilijaribu magari ya petroli yenye injekta kwa machujio yaliyozibwa makusudi. Matumizi ya mafuta hayakubadilika kwa kiasi cha maana, kwa sababu kompyuta hupunguza petroli kulingana na hewa inayoingia. Kilichodorora ni kuongeza kasi: chujio jipya liliboresha muda wa kuchomoka kwa asilimia 6 hadi 11. Kama chujio lililoziba halikuongeza mafuta, lililo wazi zaidi halitayapunguza. Injini za kabureta ndizo zinazokula zaidi chujio likiziba.

Feni ya bati haina injini yake. Inazungushwa na hewa ileile unayoitaka, kwa hiyo ni kizuizi ulichokilipia. Na ikikatika jani moja, linaelekea kwenye valvu. Idara ya mazingira ya Marekani, EPA, imepima zaidi ya vifaa 100 vya kupunguza mafuta, na vilivyoleta faida yoyote ni vichache mno. Pesa hiyo weka kwenye plagi mpya, kupima upepo wa tairi kila Jumatatu zikiwa baridi, na thamostati, ambayo mafundi wengi wameing'oa. Injini isiyo na thamostati inakimbia baridi, na kompyuta inaendelea kuimwagia petroli ya asubuhi safari nzima.

Vipi Subaru Forester ya turbo, cc 2000? Hapo si injini inavuta hewa nyingi zaidi? — Kijana wa Jinja

Swali zuri, na hapa jibu linabadilika kidogo. Turbo, feni inayozungushwa na moshi na kuisukumia injini hewa, huzidisha kila kinachotokea mbele yake. Ikiwa inabana hewa mara mbili ya shinikizo la nje, basi kilopaskali 2 zilizopotea kwenye chujio zinakuwa 4 zilizopotea kwenye silinda, ama turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kuzifidia, na ikizunguka zaidi inapasha hewa joto zaidi. Kwa hiyo njia pana kabla ya turbo ina thamani yake.

Lakini Forester isiyobadilishwa kitu kingine haitaionyesha thamani hiyo. Kompyuta yake ina kiwango cha shinikizo inachokilenga. Ukiirahisishia hewa, turbo inafika kwenye kiwango hicho mapema kidogo, kisha mlango wa kupunguza moshi wa turbo unafunguka na kuishikilia palepale. Utasikia mluzi, utaupenda, na nguvu ya juu itabaki karibu ileile. Faida inakuja pale sailensa, sehemu ya moshi chini ya turbo na programu ya kompyuta vikibadilishwa pamoja, na fundi akaandika upya jedwali la sensa ya MAF kwa bomba jipya.

Bila programu, hatari ni kubwa kuliko kwa Wish ya Mbarara. Unapokanyaga mpaka chini, kompyuta haisikilizi tena marekebisho ya sensa ya moshi kama kawaida. Inategemea zaidi jedwali lake. Jedwali likidanganywa na bomba pana, petroli inapungua wakati silinda zimejaa shinikizo, injini inagonga, na pistoni za EJ20, injini ya Forester nyingi za namna hiyo, huvunjika pale kwenye ukingo kati ya ringi. Dalili yake ni moshi wa buluu na silinda moja kukosa kompresheni (mkandamizo wa hewa). Tafadhali, usifunge uyoga kwenye turbo kisha ukakimbilia Kampala kujaribu. Fundi mwenye sensa ya kupima mchanganyiko kwenye bomba la moshi akae nawe kwanza.

Vumbi nalo linaiuma turbo zaidi. Gurudumu lake linapita mizunguko 100,000 kwa dakika, na punje za mchanga zikipita kwenye chujio zinazitafuna kingo za majani yake kama tupa. Magari ya mbio za Pearl of Africa Rally, hapa Uganda, hupita kwenye vumbi zito, lakini injini zao hufunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara. Yako unataka ikae miaka.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa vijana wengi hulifunga siku ileile: ile valvu ya kutoa upepo nje kwa sauti ya "psshh". Hewa inayotupwa ilikwisha kuhesabiwa na sensa, petroli yake imekwisha kumwagwa. Ndiyo maana kila ukibadilisha gia gari linatoa fundo la moshi mweusi. Iache ile ya asili inayorudisha hewa kwenye bomba.

Kila nikiosha gari, vijana wanalitoa eaklina, yaani chujio la hewa, wanalipuliza kwa kompresa, wakati mwingine wanaliosha kwa sabuni. Ni sawa? — Mwalimu, Soroti

Si sawa, Mwalimu. Karatasi ikiloa nyuzi zake zinavimba na kuachana. Likikauka linaonekana zima, lakini limetoboka kwa macho ya vumbi. Upepo wa kompresa wenye shinikizo la baa 8 ukiwekwa karibu unafanya hivyohivyo. Chujio la karatasi huchuja vizuri zaidi likishashika vumbi kidogo, kwa hiyo kulipuliza kila Jumamosi ni kulirudisha kwenye siku zake za udhaifu.

Likiwa halijafika wakati wa kubadilishwa, ligonge taratibu kwenye kiganja, upande mchafu chini. Ukilazimika kupuliza, baa 2 basi, kutoka ndani kwenda nje, umbali wa shibiri moja. Kisha weka taa ya simu ndani yake gizani: ukiona kitone cheupe kinachong'aa, litupe. Futa kasha kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kulirudisha, maana mchanga ulioanguka upande safi utaingia wote injini ikiwaka. Kwa lami tupu, likague kila kilomita 5,000 na ubadilishe kati ya 15,000 na 20,000. Kwa murramu usihesabu kilomita, hesabu vumbi.

Tuna Land Cruiser ya dizeli ya mradi, inazunguka Kotido na Kaabong. Tufunge bomba refu la kupanda hadi paani? Na je, chujio la pamba linalooshwa si litatuokolea pesa? — Afisa usafiri, Kotido

Bomba la paani fungeni. Kati ya vifaa vyote vya hewa tulivyoulizwa mwezi huu, kwa Karamoja hiki ndicho tunachokiunga mkono bila kusita. Hakitaongeza nguvu, ila kinanyonya hewa ya juu ya paa, ambako vumbi ni dogo kuliko kwenye kimo cha tairi. Kichwa chenye bakuli la plastiki linalozungusha hewa kinatupa punje nzito pembeni kabla hazijafika kwenye chujio. Bakuli lifunguliwe na kumwagwa kila jioni wakati wa kiangazi. Mkitembea kwa msafara, magari ya nyuma yanaweza kugeuzia vichwa vyao nyuma, vumbi la gari la mbele lisiingie moja kwa moja.

Chujio la pamba tunawaomba mliache. Fanyeni hesabu hii. Chujio linalozuia asilimia 99 ya vumbi linapitisha gramu 1 katika kila gramu 100. Linalozuia asilimia 97 linapitisha 3. Kwa maneno, tofauti ni asilimia 2. Kwa silinda, ni mchanga mara tatu. Vumbi la murramu lina silika, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Inajichanganya na oili, inakuwa msasa kati ya ringi na ukuta. Dizeli inaanza kula oili, inapuliza hewa kwenye kijiti cha kupimia, inakuwa ngumu kuwaka asubuhi. Muuzaji yeyote wa chujio mwulizeni matokeo ya kipimo cha ISO 5011, kinachopima vumbi lililopita na vumbi lililoshikwa. Asipokuwa nayo, mwacheni.

Ila bomba la paani lililofungwa vibaya ni baya kuliko kutokuwa nalo, kwa kuwa mnaamini mnalindwa. Viungo vyote vipakwe silikoni ya gasketi, hasa pale bomba linapopenya bati na pale linapokutana na kasha. Kujaribu: injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa mafuta, zibeni mdomo wa bomba kwa ubao bapa wenye mpira, si kwa kiganja. Injini lazima izimike ndani ya sekunde chache. Ikiendelea, kuna mahali inapumulia, na mahali hapo hapana chujio. Patafuteni kwa masikio.

Chini ya kasha kuna mdomo mdogo wa mpira wa kutolea vumbi. Ubonyezeni kila siku. Ukikauka, ukabaki wazi au ukapotea, dai mpya siku hiyohiyo. Na kila mkibadilisha chujio, ingizeni kidole kilichofungwa kitambaa cheupe ndani ya bomba, upande wa injini. Kitambaa kitoke cheupe. Kikitoka na wekundu wa udongo wa Karamoja, simamisheni gari mpaka tundu lipatikane.

Mvua zikinyesha, Bwaise inajaa. Jirani yangu ana bomba la dukani linaloshuka hadi nyuma ya bampa, na gari lilimzimikia majini. Tulipolipiga stata, likagoma kabisa. Kulikoni? — Mfanyabiashara, Kawempe

Bomba lile linateremshwa chini ili lipate hewa baridi, na kwa joto linafanya kazi kuliko uyoga wa juu. Tatizo ni kwamba mdomo wake uko kwenye kimo cha maji ya Bwaise. Maji hayabanwi. Injini ya cc 1800 yenye silinda nne ina cc 450 kwa kila silinda, na pistoni ikifika juu inabakiza takriban cc 50 tu. Maji yakizidi hapo, ambayo ni vijiko vitatu vya chakula na kidogo, pistoni inagonga kitu kisichorudi nyuma na konrodi, fimbo inayoishika pistoni, inapinda. Injini ilipozimika huenda ilikuwa bado nzima. Stata ndiyo iliyomalizia.

Likizima majini, msiliwashe tena. Lisukumwe hadi pakavu, betri ichomolewe, kasha au chujio lifunguliwe. Chujio likiwa kavu kabisa, shida huenda ni ya umeme. Likiwa limeloa, toeni plagi zote nne, chomoeni fyuzi ya pampu ya petroli na plagi za koili, rudisheni betri, kisha pigeni stata sekunde 5, mara mbili au tatu. Maji yatarushwa nje kupitia matundu ya plagi, kwa hiyo msiiname juu yake. Tieni kijiko kimoja cha chai cha oili safi kwa kila silinda, pigeni tena kidogo. Kagueni kijiti cha oili: ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, mwageni oili yote na chujio lake kabla ya kuwasha. Oili ya gia pia iangaliwe. Kwa dizeli hutolewa plagi za kupasha moto au injekta, na nafasi ya juu ya pistoni ni ndogo zaidi, hivyo maji machache zaidi yanatosha kuvunja.

Kabla ya kurudisha plagi, fundi apime kompresheni ya kila silinda. Konrodi iliyopinda ni fupi, pistoni yake haifiki tena juu kabisa, na geji itasoma chini ya wenzake. Akikuta hivyo kwa gari la jirani yako, injini ifunguliwe palepale. Ikitembezwa ikiwa hivyo, konrodi hiyo hukatika siku yoyote na kutoboa bloki.